Dermoskopu ya mkononi katika zahanati ya Mombasa: upele, funza, chawa na minyoo ya mchangani

Swali la wenye zahanati kuhusu kifaa hiki cha kutazamia ngozi huwa ni moja tu: kinunuliwe au kisinunuliwe? Kinunuliwe. Lakini kiwe kile chenye taa ya polaraizi (ya kuondoa mng'ao) inayobadilishwa kwa kitufe, na zahanati iwe tayari kumwachia mhudumu mmoja au wawili wakitumie kila siku kwa wiki kadhaa kabla ya kukitegemea. Lenzi nzuri zipo, taa nzuri zipo. Kinachokosekana ni mazoezi ya macho, kwa sababu picha nyingi za mafunzo zilipigwa kwenye ngozi nyeupe. Anayezibeba kichwani akaja nazo kumtazama mtoto wa Kisauni au mchukuzi wa Kongowea atatafuta alama ambayo rangi ya ngozi imeifunika, na ile iliyo wazi mbele yake atairuka. Kwa hiyo tunakipima kifaa hiki kwa ngozi za hapa, joto la hapa na wadudu wa hapa.

Kwa asiyekijua, dermoskopu ni kikuza cha mkononi chenye ukubwa wa tochi ndogo. Hukuza mara 10, na lenzi yake imezungukwa na taa ndogondogo. Kioo cha kawaida cha kukuzia hushindwa na mng'ao: mwanga hugonga juu ya ngozi, hasa ngozi yenye jasho au mafuta, ukarudi machoni bila kuonyesha chochote cha ndani. Dermoskopu huuondoa mng'ao huo kwa njia mbili. Ya zamani ni kutia tone la majimaji au jeli kwenye ngozi na kukandamiza kioo cha kifaa juu yake. Ya pili ni polaraizi: kichujio kimoja kinakaa mbele ya taa na kingine mbele ya lenzi, vikiwa vimepishana, hivyo mwanga uliorudi kutoka juu huzuiwa na ule uliozama kidogo ndani ya ngozi ndio unaopita. Njia hii haihitaji kugusa. Kwa kazi ya vimelea hiyo ni faida maradufu, kwa kuwa kifaa hakibebi mdudu kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, wala mdudu mwenyewe habanwi akaharibika kabla hajaonekana.

Heine mini 3000, ya Ujerumani, ni nyembamba, inaingia mfuko wa koti, na inatumia betri za AA zinazouzwa kila duka. Picha yake ni safi. Lakini ile ya kawaida haina polaraizi, kwa hiyo ni lazima uguse na utie majimaji. Kwa madoa na vidutu vya ngozi inatosha kabisa. Kwa foleni ya watoto ishirini wenye upele itakuchosha, maana kioo kinasafishwa upya kila mkono. DermLite DL4, ya kampuni ya 3Gen ya California, ina taa zote mbili, inachajiwa kwa USB na inashikana na simu kwa adapta. Kwa kazi inayoelezwa hapa, kifaa cha aina hii ndicho tunachokipendekeza, kiwe hicho au kingine chochote chenye sifa hizo. Kuhusu zile hadubini za USB za bei ya chini, soma hadi mwisho kabla hujatoa pesa.

Upele ndio utakaokufanya ukitumie kifaa hiki kila siku. Neno lenyewe linatatiza: mgonjwa wa hapa akisema “nina upele” anaweza kuwa anamaanisha vipele vya namna yoyote, kuanzia joto hadi mzio wa sabuni. Tunaouzungumzia ni ule wa utitiri, Sarcoptes scabiei, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Utitiri jike ana urefu wa milimita 0.3 hadi 0.4. Huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi, akitaga mayai mawili au matatu kwa siku njiani humo. Mgonjwa wa kawaida anakuwa na utitiri 10 hadi 15 tu mwili mzima, ingawa vipele vinavyomwasha ni mamia. Hesabu hiyo ndiyo ya kukumbuka unaposhika kifaa. Karibu kila kipele utakachokitazama hakina mdudu ndani. Ni mwili unaopambana naye kutoka mbali.

Mwaka 1997 madaktari wa Italia walieleza alama iliyokuja kuwa maarufu: pembetatu ndogo nyeusi iliyotangulia mbele, na nyuma yake mstari mweupe, mfano wa ndege ya jeti na moshi wake angani. Pembetatu ni kichwa cha mdudu na miguu yake ya mbele, sehemu pekee za mwili wake zenye rangi ya kutosha. Kiwiliwili kilichobaki kinapitisha mwanga, hivyo kwa ukuzaji wa mara 10 hakionekani. Mstari mweupe ni njia yake, yenye hewa, maganda ya mayai na vinyesi.

Kwenye ngozi nyeusi pembetatu hiyo inazama. Kahawia juu ya kahawia haionekani, hata lenzi iwe ya bei gani. Mkia ndio unaobaki, na kwetu unaonekana vizuri kuliko kwenye ngozi nyeupe: mstari mweupe uliopinda kama herufi S, wa milimita 5 hadi 10, juu ya ngozi yenye rangi. Kwa hiyo geuza mpangilio wa vitabu. Usimtafute mdudu ndipo uone njia. Tafuta njia, uifuate hadi mwisho wake. Na uanzie pale ambapo ngozi nyeusi ina rangi hafifu, yaani kiganja, pembeni mwa vidole, katikati ya vidole, na mkunjo wa kifundo cha mkono upande wa kiganja. Kwa mtoto mchanga ongeza nyayo, maana wachanga hupata vipele nyayoni na hata kichwani, mahali ambapo watu wazima kwa kawaida hawapati.

Kazi inakwenda hivi. Mkono ulazwe mezani, usishikwe hewani. Futa jasho kwa shashi kavu. Usipake mafuta wala spiriti. Tazama kwanza kwa macho matupu, uchague vipele ambavyo havijakunwa. Kilichokunwa kimeshaharibiwa na kucha, na huenda mdudu amekwenda nacho. Washa polaraizi, shika kifaa bila kugusa, ukiegemeza kidole chako kidogo kwenye mkono wa mgonjwa ili picha isitikisike, halafu sogea polepole. Ukipata mstari, uangalie ncha zote mbili. Ncha moja imechanika na ina magamba, hapo ndipo mdudu alipoingilia. Ncha ya pili imefungwa, safi, mara nyingine imeinuka kidogo, na hapo ndipo alipo. Sasa badilisha taa iwe ya kawaida na utazame tena mahali palepale. Mwanga usio na polaraizi huonyesha magamba na mwinuko wa juu ambao polaraizi inauficha. Kubadilisha huku na huku mara mbili tatu ndiko kunakotofautisha njia ya utitiri na mpasuko wa ngozi kavu. Ndiyo maana tunasisitiza kitufe.

Ukiridhika na ncha, weka alama ya kalamu pembeni, dondosha tone la mafuta ya parafini, kwangua kwa wembe wa upasuaji ulioulaza, uhamishie kwenye slaidi na uitazame kwenye hadubini. Kukwangua bila mwongozo mara nyingi hutoa slaidi tupu, kwa sababu ya ile hesabu ya wadudu 10 au 15. Kukwangua ncha uliyokwisha kuiona ni jambo jingine kabisa, na mtoto anakwanguliwa mara moja badala ya mara sita.

Vigezo vya kimataifa vya upele vilivyochapishwa mwaka 2020 vinakubali dermoskopu kama njia ya kuthibitisha, lakini kwa sharti kwamba mdudu mwenyewe ameonekana. Njia bila mdudu inakuweka ngazi ya pili, upele wa kliniki (unaotambuliwa kwa dalili), ambayo inatosha kabisa kuanza tiba. Andika kwenye faili ulichokiona kwa jina lake: “njia imeonekana, mdudu hakuonekana”. Kuandika “dermoskopu chanya” na kuishia hapo kunamnyima habari atakayemwona mgonjwa baadaye. Na usipoona chochote, mgonjwa anayewashwa usiku pamoja na watu wa nyumba yake bado ana upele hadi ithibitike vinginevyo. Kifaa hiki kina nguvu ya kuthibitisha kuliko ya kukanusha.

Makosa ya hapa nyumbani ni ya namna yake. La kwanza ni hina. Baada ya harusi au Idi mikono imepambwa, na hina iliyogandamana kwenye mikunjo ya kiganja inafanya vitone vya kahawia vinavyoweza kudanganya. Piko jeusi ni baya zaidi, kwani linafunika kila kitu, tena lenyewe linaweza kuleta mzio wenye vipele na muwasho. Katika hali hiyo usipoteze muda viganjani. Nenda kifundo cha mkono juu ya pambo, kwapani, kuzunguka kitovu, matako, na kwa wanaume uume na korodani. La pili ni krimu za mchanganyiko zenye steroidi nzito, zinazonunuliwa bila cheti. Zinatuliza wekundu na muwasho, upele ukabadilika sura, huku utitiri ukizidi kuongezeka. Ukiona njia nyingi na muwasho mdogo kuliko ulivyotarajia, uliza kuhusu krimu. La tatu ni vigaga vya damu. Kigaga kidogo kilichokauka ni cheusi na kina pembe, na anayejifunza hukiita mdudu. Dawa yake ni ileile: hamna mkia, hamna mdudu.

Kuna kosa la nne linaloleta gharama. Baada ya dawa, mdudu aliyekufa hatoki mara moja. Hubaki ndani ya tabaka lile hadi ngozi imsukume nje, na muwasho wenyewe unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4. Pembetatu inayoonekana wiki moja baada ya permethrini asilimia 5 au benzili benzoeti asilimia 25 haithibitishi kwamba dawa imeshindwa. Tazama kama kuna njia mpya mahali ambapo hapakuwa na kitu. Hapo picha ya simu ya siku ya kwanza inakuwa na thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Tuje kwa funza, au tekenya. Hapa pia neno linacheza, kwa sababu watu huita funza hata buu la nzi lililo chini ya ngozi, kwa hiyo muulize mgonjwa ni mahali gani mwilini na alikuwa wapi. Wengi wanaofika Mombasa na funza wa miguuni wametoka kwenye nyumba za sakafu ya udongo, za Kwale, Kilifi au pembeni mwa mji. Kiroboto jike Tunga penetrans ana urefu wa milimita 1 hivi. Hujipenyeza mwili mzima ndani ya ngozi, akabakiza tundu la nyuma analopitishia hewa, vinyesi na mayai. Ndani ya wiki mbili hivi amevimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya mbaazi au hata sentimita 1, na kwa kawaida hufa mwenyewe baada ya wiki 4 hadi 6.

Hapa dermoskopu inang'ara hata kwa anayeanza. Nyayo zina rangi hafifu, na funza ni mkubwa. Katikati utaona tundu jeusi lililozungukwa na pete ya kahawia. Nje yake kuna duara jeupe au la manjano la ngozi iliyovutika, na mara nyingi mabaka ya kijivu-buluu yanayotokana na yaliyomo tumboni mwake. Kwa aliyekomaa kuna nyuzi nyeupe kama shanga zilizotungwa, ambazo ni mayai yakiwa bado ndani. Mayai yaliyokwisha kutoka ni vijipunje vyeupe vya mviringo vilivyonata kwenye ngozi iliyo karibu. Chunjua ya wayo inayofanana naye kwa macho matupu ina vitone vyeusi vingi vilivyotawanyika. Funza ana tundu moja. Mwiba hauna pete. Jipu lina usaha bila tundu lenye mpaka. Doa jeusi lisilo na tundu wala duara, linaloenea kwenye mistari ya wayo, si la kuachwa. Mpeleke mgonjwa kwa daktari wa ngozi, kwa kuwa saratani ya melanoma kwa watu weusi hupenda sana nyayo.

Lakini kazi kubwa ya kifaa kwa funza ni kujua kama yu hai, na watu wengi hawajui kwamba inawezekana. Tulia juu ya tundu kwa dakika kadhaa, bila kugusa. Funza hai huonyesha moja kati ya mambo manne: anasukuma yai nje, anatoa uzi wa kinyesi, anatoa tone la majimaji, au mwili wake unapwita, unaingia na kutoka kama unaovuta pumzi. Hayo ndiyo watafiti waliyotumia nchini Kenya walipolinganisha mafuta ya dimetikoni na potasiamu pamanganeti, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014: siku ya 7, asilimia 78 ya funza waliopakwa dimetikoni hawakuwa na dalili yoyote ya uhai, dhidi ya asilimia 39 kwa wale wa pamanganeti. Anayetibu kwa dimetikoni anaweza kufuata njia hiyohiyo ya kupima. Siku ya marudio ufute mafuta kwanza, kwa sababu hata polaraizi hailitazami vizuri tone nene. Funza mfu amekauka, ni mweusi, hapwiti. Halazimiki kuchokolewa. Na hilo ndilo jambo la kumwonyesha mama kwenye skrini ya simu: akiona kwa macho yake kwamba mdudu amekufa, mwiba na pini ya kupokezana, ambavyo vinaleta pepopunda na vinaweza kupitisha virusi vya damu, vinaachwa bila kelele.

Onyo moja: kwa funza usitumie kamwe kioo cha kugusa. Kukandamiza kunauma, kunasukuma mayai nje, na mayai yananata kwenye kioo.

Minyoo ya mchangani ni ya Nyali, Bamburi, Diani, na kila ufuo ambapo mbwa na paka wanajisaidia. Lava wa minyoo ya safura ya wanyama hao, hasa Ancylostoma braziliense, huingia kupitia ngozi ya mguu au makalio, lakini hawezi kuvuka kwenda ndani ya mwili wa binadamu, basi anatangatanga chini ya ngozi akiacha mstari mwekundu uliopinda na unaowasha sana. Ukweli ni kwamba mara nyingi macho yanatosha. Dermoskopu huonyesha vipande vya kahawia hafifu vilivyofuatana, vinavyopitisha mwanga, ambavyo ni mwili wa lava, pamoja na vitone vya mishipa myekundu kwenye njia aliyokwisha kuiacha. Kwenye ngozi nyeusi vitone hivyo vyekundu mara nyingi havionekani, usivitegemee. Na usijaribu kumkata mdudu mwishoni mwa mstari: lava huwa ametangulia mbele ya alama inayoonekana, hata sentimita 1 au 2, kwenye ngozi inayoonekana nzima. Faida hasa ya kifaa hapa ni kutofautisha mstari huu na njia ya utitiri, ambayo ni fupi, nyeupe, na haisogei kwa sentimita.

Buu la nzi, Cordylobia anthropophaga, hufanana na jipu lisilopona. Nzi hutaga kwenye mchanga au nguo zilizoanikwa zenye unyevu, na ndiyo maana wazee wanasisitiza kupiga pasi hadi kwenye mishono. Kwenye tundu la jipu dermoskopu huonyesha mwili mweupe wa maziwa, na ndani yake matundu mawili ya kupumulia yaliyo kama nyayo za ndege, pamoja na miiba midogo myeusi kuzunguka mwili. Ukiyaona hayo, huna haja ya kupasua. Ziba tundu kwa mafuta mazito ya mgando, usubiri ajitokeze kutafuta hewa, kisha umtoe kwa kibano akiwa mzima. Tazama tena tundu baada ya kumtoa: mabuu mawili kwenye jipu moja hayatarajiwi, lakini majipu jirani kila moja lina lake.

Kwa chawa, kazi ni kwenye mayai. Kichwa kilichonyolewa hakihitaji dermoskopu. Nywele ndefu na misuko ndiyo inayosumbua, kwa sababu mabaki ya jeli, mafuta yaliyoganda na mba hushika kwenye shina la nywele yakafanana na mayai. Yai lenye mtoto ndani ni la kahawia, limejaa, na ncha yake ya nje ni mviringo. Ganda tupu linapitisha mwanga na ncha yake ni bapa, kwa kuwa mfuniko umefunguka. Mabaki hayana umbo, ni meupe, na yanateleza kwenye unywele ukiyavuta, ilhali yai limegandishwa. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ganda lililo mbali zaidi ya hapo kutoka kichwani ni la zamani. Hili lina maana kubwa kwa shule: mtoto mwenye maganda matupu peke yake hana sababu ya kurudishwa nyumbani. Na ukiwa kichwani, angalia pia nywele zilizokatika: zilizojikunja kama mkato wa sentensi au kama kizibuo cha chupa ni mapunye, ugonjwa wa kuvu, na dawa ya chawa haitafanya lolote.

Lishimania ya ngozi, ugonjwa wa vidonda unaoletwa na vimelea, si ya Pwani. Lakini dereva wa masafa au askari aliyekaa Baringo, Gilgil au mlima Elgon anaweza kuja nayo. Vitone vya manjano vyenye umbo la chozi kwenye kidonda kisichopona viwe sababu ya kuchukua kipimo cha maabara, si ya kutoa jina la ugonjwa.

Sasa mambo ya hewa yetu, ambayo maelezo ya watengenezaji hayayataji ipasavyo. Unyevu wa Mombasa unaotesha kuvu kwenye lenzi za kamera utaotesha kwenye hizi pia. Mfuko wa ngozi au kitambaa unaokuja na kifaa usiufanye nyumba yake. Ngozi inashika unyevu na kulisha kuvu. Tumia mkebe wa plastiki unaofunga vizuri, wenye vifuko vya silika jeli, na uvikaushe au uvibadilishe rangi yake ikigeuka. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda barazani, lenzi itapata ukungu. Subiri dakika chache uondoke wenyewe badala ya kusugua. Betri za AA zisilale ndani ya kifaa kisichotumika: hewa ya chumvi na betri iliyovuja huleta kutu ya kijani kwenye vishikio, na taa inaanza kufifia bila sababu inayoonekana. Taa iliyofifia inabadilisha rangi ya picha, na hapo ndipo mabaka ya buluu ya funza yanaposomeka vibaya. Cha kuchaji kichajiwe kila jioni, kwa kuwa umeme hauna ahadi.

Kusafisha: futa kioo cha mbele kwa shashi yenye spiriti ya asilimia 70 baada ya kila mgonjwa, hata kama hukugusa. Kazi inafanywa na kule kufuta kama inavyofanywa na spiriti, basi futa kweli, hadi ukingoni. Vifuniko vya plastiki vya acrylic vinaweza kupata nyufa ndogo kwa spiriti nyingi, kwa hiyo soma maelezo ya kifaa chako kwanza. Ikibidi kugusa, funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula, iliyovutwa bila mikunjo, uitupe baada ya mgonjwa huyo. Majimaji ya kugusia yawe jeli ya ultrasaundi, ambayo haimwagiki kwenye mviringo wa kidole. Jeli ya kutakasia mikono inafanya kazi ila inachoma ngozi iliyokunwa. Mafuta ya nazi, ambayo kwa joto letu hayagandi, yanafaa mahali ambapo hamna kingine. Kumbuka tu kwamba yakishapakwa huwezi tena kuangalia magamba.

Simu ikishikizwa, funga fokasi na mwanga kabla ya kupiga, la sivyo itang'arisha ngozi nyeusi hadi mstari mweupe upotee. Piga picha mbili za kila alama, moja kwa kila taa. Jina la mgonjwa lisiwe kwenye jina la picha, wala picha isitumwe kwenye kundi la WhatsApp pamoja na uso au pambo la hina linalomtambulisha. Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na wagonjwa wa funza wamebeba aibu ya kutosha.

Kwa upande wa bei, dermoskopu za kiwango cha hospitali huuzwa kwa mamia ya dola, na usafiri na ushuru huongezwa juu yake. Hadubini za USB ni makumi ya dola. “Mara 1000” iliyoandikwa kwenye boksi la USB ni ukuzaji wa skrini, si wa lenzi. Hata hivyo, ikikaa imara juu ya stendi inaweza kufika ukuzaji ambao mwili wa utitiri na mayai huonekana, jambo ambalo mara 10 haiwezi. Hasara yake ni kwamba eneo linaloonekana ni dogo sana, mtoto akitikisa kidole umepotea, na nyingi hazina polaraizi, kwa hiyo jasho la Mombasa linageuka kioo. Mwenye fedha za kifaa kimoja anunue cha mkononi. Mwenye nacho tayari anaweza kuongeza ya USB kwa kazi mbili: kumfuata funza aliyetibiwa akiwa ametulia kwenye kiti, na kukagua ile ncha ya njia ambayo kifaa cha mkononi kimekwisha kuipata. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuwashie, utazame kiganja chako: mistari ya vidole iwe mikali kutoka katikati hadi ukingoni, na kitufe cha polaraizi kikibonyezwa mng'ao uondoke mara moja. Usipoondoka, kirudishe.